Taa ndani ya chungu: kisa cha Wayahudi wa siri wa Belmonte

Mwaka 1917 mhandisi wa migodi Samuel Schwarz, Myahudi mzaliwa wa Poland, alifika Belmonte, mji mdogo wa nyumba za mawe ulio juu ya kilima mashariki mwa Ureno, jirani na milima ya Serra da Estrela. Kilichompeleka ni kazi. Mfanyabiashara mmoja wa pale akamtahadharisha asifanye biashara na mwenzake fulani. Schwarz alipouliza sababu, akajibiwa kwamba inatosha kujua yule mtu ni Myahudi.

Jambo hilo lilimshtua. Kisheria Ureno haikuwa na Wayahudi wenyeji tangu 1497. Wale aliokuwa akionyeshwa walikuwa wamebatizwa, walifunga ndoa kanisani, walizikwa na padri. Akawatafuta, akajitambulisha kwamba naye ni Myahudi. Hawakumwamini. Hakujua sala zao hata moja, na sala alizosema anazijua zilikuwa kwa Kiebrania, lugha ambayo wao hawakuwahi kusikia habari zake. Myahudi gani huyu asali kwa lugha isiyojulikana? Hatimaye mwanamke mmoja mzee, ambaye wenzake walimsikiliza, akampa mtihani: basi na asali japo sala moja kwa lugha hiyo anayodai ni ya Wayahudi. Schwarz akaanza kwa maneno ambayo kila Myahudi hufundishwa utotoni: Sikia, Ee Israeli, Bwana Mungu wetu, Bwana ndiye mmoja. Alipotamka Adonai, yaani Bwana, wanawake wakafunika macho yao kwa viganja. Alipomaliza, bibi yule akawageukia waliokuwapo akasema huyu ni Myahudi kweli, kwa kuwa analijua jina la Adonai.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara nasimama kwenye vile viganja. Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho ya marabi wa kale, inasimulia juu ya Rabi Yehuda ha-Nasi, aliyeishi Galilaya yapata mwaka 200, kwamba wakati wa kukiri umoja wa Mungu kwa maneno hayo hayo alipitisha mikono yake juu ya macho yake. Hadi leo Wayahudi ulimwenguni kote hufunika macho wanapoyatamka. Wanawake wa Belmonte hawakuwa na Talmudi. Hawakuwa na rabi wala kitabu cha sala cha Kiebrania, na hawakuwahi kumwona Myahudi wa nje. Lugha nzima ilikuwa imewapotea, likabaki neno moja, na pamoja na neno hilo ukabaki mkono.

Kati ya 1497 na 1917 ni miaka 420. Kwa nini kilibaki chochote? Mtu anaweza kusema walikuwa na imani thabiti, lakini jibu hilo linazunguka, maana tunachouliza ni namna gani imani ilibaki thabiti pasipo mwalimu. Ninachoona mimi ni kwamba imani ya Belmonte ilisalia kwa sababu ilikwisha kuwekwa ndani ya vitendo vidogo vya nyumbani, ambavyo mwanamke aliweza kuvitenda kwa mikono yake mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Na kwa sababu hiyo hiyo imani ilichukua umbo la chombo kilichoibeba, kama maji yanavyofuata mtungi.

Mfalme, Pasaka na miaka ishirini

Msomaji wa pwani yetu ana habari za mfalme anayehusika, hata kama jina limemtoka. Manuel wa Kwanza wa Ureno ndiye aliyemtuma Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na Malindi Aprili 1498. Ndiye pia aliyemtuma Pedro Álvares Cabral, aliyetia nanga Kilwa mwaka 1500, na Cabral alizaliwa Belmonte hii hii. Mwaka mmoja tu kabla meli za kwanza hazijaonekana kwetu, Manuel alikuwa amekwisha kuwafuta Wayahudi katika nchi yake kwa maji ya ubatizo.

Hispania iliwafukuza Wayahudi mwaka 1492, na maelfu wakavuka mpaka kuingia Ureno. Miji ya mpakani kama Belmonte ilikuwa na Wayahudi tangu zamani. Maandishi ya jiwe la sinagogi ya pale ni ya mwaka 1297. Manuel alipotaka kumwoa binti wa wafalme wa Hispania, aliwekewa sharti la kuwaondoa Wayahudi. Desemba 1496 akatoa amri waondoke. Lakini hakutaka kupoteza mafundi, waganga na wafanyabiashara wake, basi akageuza shauri. Majira ya Pasaka ya 1497 watoto walinyakuliwa kwa wazazi wao wakabatizwa. Baadaye watu wazima waliokusanyika Lisbon kungojea meli nao wakabatizwa kwa nguvu. Tangu hapo wakaitwa Wakristo Wapya.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka, nami nadhani ndilo lililoamua mengi. Manuel aliahidi kwamba kwa miaka 20 hakuna atakayechunguza imani zao. Miaka hiyo haikuwa ya amani, kwa kuwa mwaka 1506 umati wa Lisbon uliwaua Wakristo Wapya kwa siku kadhaa, lakini mahakama ya kudumu haikuwapo. Baraza la Kuhukumu Wazushi, mahakama ya kuchunguza na kuadhibu waliopotoka imani ya Kikatoliki, halikuanzishwa Ureno hadi 1536. Kwa hiyo kilipita takriban kizazi kizima ambacho watu waliokuwa Wayahudi kamili walijifunza kuishi kwa nje kama Wakatoliki. Katika muda huo kila familia ilibidi iamue lipi litawezekana ndani ya nyumba na lipi haliwezekani tena, na watoto wakakua ndani ya uamuzi huo.

Kilichokufa na kilichobaki

Tukiyapanga yaliyopotea, tunaona mpango wake. Tohara ilikoma, maana ni alama mwilini, na alama mwilini ni ushahidi. Kuchinja kwa sheria kulikoma, maana kunahitaji mchinjaji aliyefundishwa. Kusoma Torati hadharani kulikoma, na sala ya jamaa inayohitaji wanaume kumi ikakoma nayo. Kiebrania kikafuata. Yote haya yalihitaji mtaalamu, au kitu kisichofichika, au kundi la watu mahali pamoja. Mengi yake yalikuwa mikononi mwa wanaume.

Yaliyobaki ni taa, mkate, mfungo na maneno machache ya kusema moyoni. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika siku za Yehuda ha-Nasi yule yule, inataja mambo matatu ambayo mwanamke anawajibika nayo hasa: usafi wa siku zake, kutenga kipande cha unga uliokandwa, na kuwasha taa ya Sabato. Mawili kati ya matatu hayo ndiyo nguzo za ibada ya Belmonte. Nasema hili kwa sababu watu huisimulia habari ya Belmonte kana kwamba wanawake walijitokeza kuokoa dini baada ya wanaume kushindwa. Ukweli ni kwamba sheria yenyewe, karne 13 kabla ya Manuel, ilikuwa imeweka sehemu ya dini jikoni. Sinagogi zilipofungwa, jiko lilikuwa bado wazi.

Ijumaa kabla ya jua kuzama, mama alimimina mafuta ya zeituni katika taa yenye utambi wa kitani. Sala ilisemwa kwa Kireno. Taa ikafichwa, ndani ya chungu au kabatini, ili mwanga wake usionekane nje. Tuifikirie taa hiyo kidogo. Kazi ya taa ni kumulika, na hii haikumulika mtu. Ukiondoa faida yake ya kawaida, kinachobaki ni tendo tupu la utii, na hakuna awezaye kulitenda kwa mazoea tu huku akihatarisha roho ya mumewe na watoto wake.

Hatari hiyo haikuwa ya kubuni. Baraza lilikuwa na orodha ya dalili za Uyahudi, nayo ilisomwa hadharani makanisani ili majirani wajue cha kuripoti: kuvaa nguo safi Jumamosi, kuwasha taa mapema Ijumaa, kukataa nyama ya nguruwe, kufunga siku fulani. Kadiri vitabu na marabi walivyozidi kutoweka, orodha hiyo ikawa mahali pekee ambapo Mkristo Mpya aliweza kusikia kwa sauti kubwa nini hasa babu zake walikuwa wakifanya. Wale waliotaka kuizima dini waliisaidia kumbukumbu yake.

Pasaka ya Kiyahudi nayo ilisogezwa. Majasusi walijua tarehe, kwa hiyo familia zilisubiri ipite siku moja au mbili ndipo ziadhimishe. Siku ya Upatanisho, ambayo kwao iliitwa Siku Safi, ilisogezwa vivyo hivyo. Mkate usiotiwa chachu, walioita mkate mtakatifu, uliokwa kwa siri na watu waliovaa nguo nyeupe. Kisha walikwenda kwenye mto, wakapiga maji kwa matawi ya mizeituni huku wakisema sala ya Musa na fimbo yake mbele ya bahari. Hakuna Wayahudi wengine ninaowajua wanaofanya hivyo. Sehemu nyingine usiku wa Pasaka husomwa kitabu cha simulizi ya kutoka Misri mezani. Belmonte haikuwa na kitabu, kwa hiyo simulizi ikahamia mwilini: wakatoka nyumbani kwa miguu, wakafika majini, wakayapiga. Agizo la zamani kwamba kila mtu ajione kana kwamba yeye mwenyewe ametoka Misri walilitimiza bila kulisoma.

Mfungo ulikua kuliko ulivyokuwa awali. Hili linaeleweka, kwa sababu kufunga hakuachi moshi wala harufu, na asiyekula anaweza kudai hana njaa. Uliopendwa zaidi ulikuwa mfungo wa Esta, malkia aliyeishi katika jumba la mfalme wa kigeni bila kudhihirisha kabila lake. Kwa Wayahudi wengine mfungo huo ni wa siku moja kabla ya sikukuu ya Purimu, sikukuu ya kelele, vinywaji na zawadi. Kwa Wayahudi wa siri sherehe ilitoweka, mfungo ukarefuka kuwa wa siku tatu kama Esta mwenyewe alivyofunga, naye wakamwita Mtakatifu Esta. Hapo chombo kinaonekana wazi: Mtakatifu ni heshima ya Kikatoliki. Waliazima umbo kwa Kanisa, wakalitia mtu wao.

Mlangoni mwa kanisa

Katika yote, ninaloliona kuwa la werevu kuliko mengine ni maneno waliyosema kimoyomoyo wakiingia kanisani: Naingia nyumba hii, siabudu mti wala jiwe, bali Mungu peke yake atawalaye vyote.

Fikiria kazi ya maneno hayo. Kwenda misa kulikuwa lazima. Mtu anayelazimishwa kutenda jambo wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka, hatimaye huanza kuliamini. Ndiyo hesabu aliyoifanya Manuel, na kwa familia nyingi sana za Ureno hesabu hiyo ilitoka sawasawa. Wajukuu wao wakawa Wakatoliki wa kweli. Lakini pale ambapo sentensi ile ilifundishwa, misa yenyewe ikageuka kuwa saa ya kukiri Uyahudi. Kengele ya Jumapili iliyolia kuwaita kwenye imani mpya iliwakumbusha ile ya zamani. Wayahudi wa kawaida walikuwa na Sabato moja kwa wiki. Hawa wakawa na siku mbili za kujikumbusha wao ni nani, na ya pili walipewa na Kanisa.

Torati inasema Waisraeli walipoletewa agano mlimani walijibu, katika Kutoka 24:7, kwa kutanguliza kutenda mbele ya kusikia. Marabi walilitukuza jibu hilo kwa sababu ya mpangilio wake: tenda kwanza, kuelewa kutafuata. Belmonte ni jaribio gumu kuliko yote la kauli hiyo. Waulize wale wanawake juu ya mafundisho, nao wangekupa machache: Mungu ni mmoja, Masihi hajaja, wokovu uko katika sheria ya Musa. Hata hilo neno wokovu lina harufu ya kanisa. Lakini machache hayo hayakuyumba, kwa kuwa kila moja lilikuwa na tendo lake, na tendo lilikuwa na siku yake.

Siri ya mtungi

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mtoto mdogo hakuambiwa kitu, maana mtoto husema. Alibatizwa, akafundishwa katekisimu, akacheza na wenzake. Alipokaribia kubalehe, mama au bibi alimfungulia habari na kuanza kumfundisha sala kwa kukariri. Kwingineko kijana wa miaka 13 huingia katika wajibu wa sheria kwa kuitwa kusoma Torati mbele ya watu. Hapa aliingia kwa kunong'onezwa. Na aliyekwisha kunong'onezwa jambo linaloweza kumpeleka mamaye gerezani hawezi tena kuwa nje yake.

Kuna pingamizi la haki hapa, nami sitaki kulikwepa. Yule mfanyabiashara alijua nani ni Myahudi. Majirani walijua. Familia hizi zilioana wenyewe kwa wenyewe. Je, si kweli kwamba kilichowahifadhi ni ukuta wa jamii, na ibada ilikuwa pambo tu? Ukuta ulichangia sana, sikatai. Lakini jina la kubandikwa na jirani linaweza kumwambia kijana kwamba yeye ni tofauti. Haliwezi kumfundisha sala, wala kumwambia tofauti hiyo ni neema. Tena kuoana wenyewe kwa wenyewe kunahitaji kipimo cha nani ni mwenzetu, na kipimo cha Belmonte kilikuwa kile kile alichotumia bibi kwa Schwarz: unazijua sala?

Kwa jirani zetu kuna kisa cha kulinganisha. Abayudaya wa Mbale, Uganda, walifuata dini ya Kiyahudi tangu kiongozi wao Semei Kakungulu alipoacha Ukristo mwaka 1919. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, wengi waliacha wakahamia Ukristo au Uislamu. Waliobaki walisali kwa kujificha. Kampala ilitekwa na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo ndiyo Pasaka ilipoanza. Marufuku ya miaka michache iliwapunguza vibaya, ilhali Belmonte ilivumilia karne. Tofauti ya ushupavu siioni. Abayudaya hawakupewa miaka 20 ya kuihamishia dini yao jikoni kabla mkono wa serikali haujafika.

Hofu ilipokwisha

Mwaka 1773 tofauti ya kisheria kati ya Wakristo Wapya na wa Zamani iliondolewa. Mwaka 1821 Baraza lilifutwa. Mwaka 1910 Ureno ikawa jamhuri, na mwaka uliofuata dini ikatenganishwa na serikali. Schwarz alipofika hakukuwa na sheria iliyowazuia kuweka taa yao dirishani. Hawakuiweka. Usiri ulioanza kama kinga ulikuwa umekwisha kuwa sehemu ya ibada; kwao sala inayosaliwa hadharani haikuwa sala kamili. Mtaalamu wa sheria angesema wamekosea. Kwa kipimo chao lilikuwa jambo la wazi, kwani hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kumwona mtu akisali vinginevyo.

Schwarz aliandika matokeo yake mwaka 1925, na dunia ya Kiyahudi ikasikia. Kapteni wa jeshi Artur Carlos de Barros Basto, mzao wa Wakristo Wapya aliyerudi katika dini ya mababu, alizunguka vijiji vya kaskazini akiwahimiza watu wajitokeze, na Porto ikapata sinagogi kubwa mwaka 1938. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amefukuzwa jeshini kwa mashtaka ambayo Bunge la Ureno lilimsafisha nayo mwaka 2012, miaka mingi baada ya kufa kwake. Waliomwona akiadhibiwa walikuwa na sababu ya kurudi vyunguni.

Belmonte ilijitokeza rasmi mwishoni mwa miaka ya 1980. Rabi akaja kutoka Israeli. Wanaume wakatahiriwa wakiwa watu wazima, familia zikapitia taratibu za kuingia dini ya Kiyahudi, na Desemba 1996, miaka 500 kamili tangu amri ya Manuel, sinagogi ya Bet Eliahu ikafunguliwa. Nafurahi kwa ajili yao bila kusita. Hata hivyo kuna kilicholipwa. Katika sinagogi ya Kiorthodoksi, yaani ya Wayahudi washikao sheria ya jadi, wanaume ndio wanaoongoza sala, kwa Kiebrania, na wanawake hukaa sehemu yao. Mabibi waliobeba sala nzima kichwani, kwa Kireno, kwa mpangilio waliopewa na mama zao, waligundua kwamba elimu yao haikuhitajika tena. Baadhi ya familia hazikujiunga, na nyingine zilijiunga huku nyumbani zikiendelea na taa na sala za zamani.

Kisheria rabi alikuwa na hoja. Ndoa na nasaba za karne nne hazikuwa na hati, na sheria inataka uhakika. Lakini mwaka 1917 mwenye kuuliza maswali alikuwa bibi wa Belmonte, na mgeni ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba ni Myahudi. Miaka 70 na ushei baadaye, waliokaa kwenye kiti cha kuulizwa walikuwa kizazi cha wajukuu na vitukuu wake.